Nyasi na Magome

Wajukuu walipopanda kubomoa paa la tembe la marehemu Mwanaidi ili waweke bati, niliomba kigoda nikakaa uani nitazame. Arobaini ilikuwa imekwisha, wageni wameondoka, na nyumba imebaki na ule ukimya wa mtungi uliomwagwa maji. Vijana walianza kwa utani, wakisema paa hili ni zito kuliko mahari ya siku hizi. Kisha mmoja wao akatia jembe pale katikati, penye nundu, akang'oa bonge zima la paa kama mtu anavyokata ugali uliolala, akaliegemeza ukutani. Niliweza kuona kila kitu kwenye ule mkato. Juu palikuwa na udongo uliopauka, mgumu kama kigae. Chini zilikuwepo fito nyeusi kwa moshi wa miaka mingi. Na kati ya udongo na fito palipita ukanda wa rangi ya kahawia, mwembamba kama kidole changu. Kijana akaukwangua kwa ukucha, ukamwagika kama ugoro. "Bibi," akaniuliza, "haya matakataka ya katikati yalikuwa ya nini?" Nilifungua mdomo nimjibu, nikaona jibu ni refu kuliko siku iliyobaki. Ndiyo maana naliandika, polepole kama niandikavyo kila kitu.

Mwaka ninaousema ni ule ambao Wajerumani walikuwa wakiileta reli Dodoma. Sitaeleza nilivyofika kwa mjomba wangu. Inatosha kusema kwamba nilikuwa binti aliyesoma madarasa machache kwa wamisionari, najua Kiswahili cha kitabu, na nina haya. Mgeni akibisha hodi, mimi nilikuwa nyuma ya vilindo, yale mapipa makubwa ya nafaka, kabla hajamaliza ile salamu ya Kigogo, "mbukwa". Nyumba ya zamani ya mjomba ilikuwa imesimama mahali ambapo vigingi vya reli vilipita. Tuliambiwa tuhame, tukahama. Mjomba alisimamisha nguzo na mihimili ya tembe jipya mbali kidogo, akapanga fito juu yake, halafu akaitwa kwenda kubeba udongo wa tuta la reli upande wa Gulwe. Aliondoka kiangazi, akiwaachia wake zake wawili nyumba isiyo na paa.

Mke mkubwa, ambaye wote tulimwita Mama Mkubwa, alikuwa Mgogo wa Mvumi, mwanamke mrefu wa maneno machache na makali. Mke mdogo alikuwa Mwanaidi, Mrangi kutoka milima ya Kondoa, mkubwa kwangu kwa miaka michache tu, ingawa kwa heshima nilimwita Mama Mdogo. Mama Mkubwa alisema Kigogo. Mwanaidi alisema Kirangi, na Kiswahili alichokiokota kwa wafanyabiashara wa kwao. Mimi nilikuwa na Kigogo na Kiswahili, basi maneno yao yote yalipita kwangu. Hata kwenye nyumba nilikaa hivyohivyo. Tembe ni nyumba ndefu yenye kimo kifupi, vyumba vyake vimepangwa mstari mmoja chini ya paa la bapa. Mama Mkubwa alikuwa na upande wa machweo, Mwanaidi upande wa mawio, na katikati palikuwa na chumba changu chembamba, nikilala juu ya ngozi pembeni mwa vilindo viwili vikubwa vya mbegu.

Kuhusu hiyo mbegu lazima niseme vizuri, maana ndiyo iliyokuwa roho yetu. Mwaka uliotangulia mvua ilituruka. Watu walikula mizizi, wakachemsha ngozi za zamani. Lakini mbegu ya uwele na mtama haikuguswa, hata watoto walipolia, kwa sababu anayekula mbegu amekula na mwaka unaokuja. Kilindo kimoja kilikuwa cha Mama Mkubwa, kingine cha Mwanaidi, vyote vikiwa chumba kimoja chini ya paa moja, na desturi ilikuwa kwamba mbegu ya mji mmoja, yaani kaya moja, haitenganishwi mwenye mji akiwa safarini. Kuitenganisha ni kutangaza kwamba mji umevunjika. Na vilindo vyenyewe vilikuwa vipana kupita mlango. Viliingizwa kwanza, ukuta ukajengwa baadaye.

Sasa nije kwenye paa. Udongo na mti havipatani. Udongo ukikauka husinyaa, mti ukilowa huvimba. Ukivigusanisha hivihivi, udongo hupasuka na kudondoka, na mchwa hupata njia ya kupanda. Kwa hiyo kati yake huwekwa kitu chembamba ambacho si mti wala si udongo, kitu cha kuvifanya vikae pamoja bila kugusana sana. Kila mjenzi anajua hivyo. Ugomvi ulikuwa juu ya kitu gani. Kwa Mama Mkubwa, tangu dunia iumbwe, ni nyasi: nyasi ndefu za mbugani, zilizokatwa zikiwa bado na unyevu kidogo, zikalazwa kama nywele zilizochanwa. Kwa Mwanaidi, ambaye kwao kuna misitu, ni magome ya miti, yaliyobanduliwa kwa vipande vipana na kukandamizwa kwa mawe hadi yakawa bapa.

Siku ya kwanza ya ubishi huo nilikuwa nimechuchumaa jikoni kwa Mama Mkubwa, namkorogea mlenda. Alisema bila kuinua macho, "Mwambie huyo mtoto wa milimani kwamba magome ni nguo za nyani." Nilitoka, nikapita chumba changu, nikafika kwa Mwanaidi aliyekuwa akipepeta uwele, nikamwambia kwamba Mama Mkubwa anasema huku kwetu magome hayajazoeleka. Mwanaidi akapuliza makapi. "Mwambie nyasi ni chakula cha mbuzi," akasema. "Kwao hata mchwa wamenenepa." Nikarudi, nikasema kwamba Mama Mdogo ana wasiwasi na mchwa. Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi yangu mwaka ule wote. Sikuongopa. Nilikwangua tu juu ya neno pale lilipokuwa kali, kama mtu anavyokwangua ngozi ya mbuzi kabla ya kuilalia. Mara nyingine Mwanaidi alianza kutabasamu hata kabla sijaenda kwake, neno lilipotamkwa kwa sauti uani. Nilidhani ni tabia ya uso wake.

Nilikula kwenye majiko mawili. Kwa Mama Mkubwa palikuwa na ugali wa mtama na mlenda mkavu, na moshi ulioning'inia chini ya mihimili hadi tukala tumeinamisha vichwa. Kwa Mwanaidi, kaka zake walipoleta chochote kutoka Kondoa, palikuwa na tone la asali juu ya maziwa mgando, nalo nililiweka ulimini na kulisahau makusudi ili likae. Mama Mkubwa aliniuliza kwa upande, kama aulizaye habari za ng'ombe wa jirani, kule wamekula nini. Mwanaidi naye aliniuliza kama yule mama bado anakohoa. Nilijibu kote. Usiku wa nyumba ile umenitoka kichwani, ila adhuhuri zake bado ninazo: uani hakuna mtu, kuku wamelala kwenye vumbi, mbali sana nyundo za watu wa reli zikigonga chuma, sauti ikija imechelewa, laini, kama inatoka chini ya maji.

Siku ya ujima wa kuezeka, Mama Mkubwa alipika ujimbi, pombe yetu ya mtama, na ndugu zake wakaja na mizigo ya nyasi. Asubuhi hiyohiyo wakatokea kaka zake Mwanaidi na punda wawili waliobeba magome. Hakuna aliyejua ni nani aliyewaita. Wanaume walitazamana, wakacheka, wakagawana paa. Wagogo walianzia machweo, Warangi mawio, wakashindana kwa nyimbo, kila upande ukiwatukana wengine kwa furaha, na wanawake wakipitisha udongo mbichi kutoka mkono hadi mkono. Jioni walikutana katikati, juu ya chumba changu. Nyasi zikaishia hapa, magome yakaanzia hapa, ncha kwa ncha, kama mashamba mawili yenye mpaka. Hakuna aliyethubutu kulaza chake juu ya cha mwenzake, maana wenye nyumba walikuwa wamesimama chini wakitazama, kila mmoja kwake. Juu ya udongo mbichi wakamwaga udongo mkavu wa kichuguu, uliokuwa na chembe za ulanga, lile jiwe la matabaka membamba, zinazometameta. Watu walikunywa, wakaenda.

Baada ya siku chache vumbi lilianza. Udongo ulikuwa umekauka na kusinyaa, na pale mpakani ulipata ufa. Asubuhi jua lilipoingia mlangoni, niliamka nikaona uzi wa vumbi jekundu unashuka kutoka darini, polepole, bila sauti, na ndani yake chembe za ulanga zikigeukageuka kama samaki wadogo. Ulikuwa uzuri wa ajabu. Nililala nikautazama hadi nikaitwa mara ya pili. Vipande vingine vilikuwa vikubwa vya kutosha kushika. Niliweka ncha ya ukucha ubavuni, kikabanduka kipande chembamba, nacho kikabanduka tena, na tena, kila kimoja kikipitisha mwanga, na sikufika mwisho wake. Nilijiuliza ni nini kilichokuwa kimevishika pamoja muda wote ule, kitu gani chembamba kuliko ulanga wenyewe. Hata leo, nikipita kwenye majabali ya Dodoma yanayojibandua ngozi kama vitunguu, huwa nasimama kidogo na swali lilelile.

Lakini uzi ule ulikuwa ukishuka juu ya vilindo. Pale vumbi linapopita, maji yatapita. Mbegu ikilowa ndani ya kilindo huchipua au huoza, na tusingekuwa na nyingine. Nilikwenda nikamwambia Mama Mkubwa. Alitazama juu, akasema nyasi zake hazina kosa, ni magome yaliyojikunja. Nikamwambia Mwanaidi. Alisema magome yake yamekaa kama yalivyolazwa, ni nyasi zilizonyauka zikarudi nyuma. Safari hii sikuwa na cha kukwangua, kwa sababu wote wawili walisema neno moja. Mwanaidi alisema hawezi kugusa nyasi za mwenzake, ataambiwa amemloga. Mama Mkubwa alisema hatii mkono wake kwenye magome ya nyani. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Mpwapwa, mchana yanapanda, jioni yanayeyuka.

Kisha asubuhi moja nilimkuta Mama Mkubwa chumbani kwangu na kibuyu, amefungua kilindo chake. Alisema atahamisha mbegu yake kibuyu kwa kibuyu hadi kwa kaka zake Mvumi, naye ataifuata. Alisema bila hasira, ndilo lililonitisha. "Na wewe," akaniambia, "utachagua pa kulala." Mji ule ukivunjika, mbuzi wangegawanywa, shamba lingegawanywa, mjomba angerudi kwenye kuta, na katikati ya kuta zile nisingekuwa na mahali. Nilitaka kulia, lakini kulia mbele ya watu pia kulihitaji ujasiri. Nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilichukua jembe, nikapanda gogo lenye vidato lililoegemezwa ukutani, nikaenda hadi katikati ya paa, nikaanza kuchimba udongo juu ya ule ufa.

Sauti ya jembe juu ya paa haifanani na sauti nyingine. Wote wawili walitoka uani, huyu machweo, huyu mawio, wakaniangalia. Mama Mkubwa aliuliza kama nimepatwa na pepo. Niliendelea kuchimba. Upepo ulikuwa umegeuka, na ulikuwa na ile harufu ya udongo wa mbali uliokwisha kulowa. Nilipofunua mpaka, niliona hakuna aliyekuwa amesema uongo. Nyasi zilikuwa zimerudi nyuma kidogo, na magome yamejikunja kidogo, na kati yake palikuwa na uwazi ambao kidole kingeingia. Niliinua nyasi kwa mkono mmoja na gome kwa mkono mwingine, nikaona siwezi. Kazi ile ilitaka mmoja ashike huku mwenzake akilaza, nyasi chini ya gome, gome chini ya nyasi, kama kusuka. Nikasema, na sauti yangu ikatoka ndogo sana, "Mikono yangu haitoshi."

Mwanaidi alipanda kwanza. Mama Mkubwa alipanda nyuma yake, akiguna kila kidato, akapiga magoti upande wake wa nyasi. Mimi nilikuwa katikati. Mwanaidi akanyoosha mkono kuelekea kwenye nyasi, na Mama Mkubwa akaniambia kwa Kigogo, huku akilitazama wingu, "Mwambie aondoe mkono. Mkono uliozoea magome haujui kitu laini, utazivunja." Nilimgeukia Mwanaidi. Nilitafuta Kiswahili chake, nikatafuta namna ya kukipunguza makali, na kwa mara ya kwanza mwaka ule sikupata kitu. Nilibaki nimeshika nyasi na gome. Radi ikanguruma mbali.

"Basi nionyeshe," akasema Mwanaidi, "nisizivunje."

Aliyasema kwa Kigogo, Kigogo safi cha kijijini kwetu. Na Mama Mkubwa hakushtuka hata kidogo. Alishika mkono wa mwenzake pale kwenye kifundo, akauvuta upande wake. "Shika hapa," akasema kwa Kiswahili kibovu ambacho sikujua anacho. "Si hapo. Hapa."

Nilijiona kama mtu aliyekuwa akibeba maji kutoka mtoni, mwaka mzima, kwa watu wenye kisima uani.

Tulisuka. Hakuna aliyeniambia nimwambie mwingine chochote. Mama Mkubwa aliinua, Mwanaidi alilaza, na mimi nilikandamiza kwa viganja, nikihisi chini yake kitu kinene kidogo kuliko nyasi na chembamba kuliko paa, kikishikana. Walianza kutaniana sasa moja kwa moja, maneno makali kuliko yote niliyowahi kuyapitisha, nyani na mbuzi na mchwa, na kila mmoja akicheka la mwenzake. Tulikuwa tumeanza kurudisha udongo mbichi mvua ilipotufikia. Mama Mkubwa alinituma ngozi ya ng'ombe, tukaitandaza juu ya ule mpako mbichi, upepo ukataka kuichukua, tukaikalia wote watatu. Tulikaa pale, juu ya nyumba, migongo imegusana, mvua ikitupiga hadi hatuonani, Mwanaidi akimwambia mwenzake akohoe upande mwingine.

Tulipofunua vilindo siku chache baadaye, mbegu ya juu ilikuwa imepata unyevu, na baadhi ya punje zimetoa vijimeno vyeupe. Mama Mkubwa aliikwangua ile ya juu akaipika, tukaila kwenye jiko moja. Iliyobaki ilikuwa kavu, nayo ilipandwa. Mjomba aliporudi, mazao yakiwa yamemfika kifuani, alisimama akaliangalia paa lenye nundu katikati kama mgongo wa ng'ombe, akauliza ni fundi gani aliyefanya vile. Wake zake wakamwambia aniulize mimi. Nami nikaenda kujificha nyuma ya vilindo. Na siku gari moshi la kwanza lilipopita, ardhi yote ikatetemeka na kuta zikanung'unika, nilikuwa nimelala chali kwenye ngozi yangu, macho juu, nikisubiri. Halikushuka hata tone la vumbi.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza Mwanaidi kwa nini aliniacha nihangaike vile wakati alisikia kila neno. Tulikuwa tunachambua kunde, tayari tu wazee. "Kama ningemjibu mwenyewe siku ya kwanza," alisema, "ningemjibu vibaya, naye angeondoka. Kwako yalikuwa yanapoa." Nikamuuliza kama Mama Mkubwa naye alijua. Akacheka. "Yeye alikuwa anakuonea huruma. Alisema unahangaika kama kuku aliyeangua bata."

Mama Mkubwa alitangulia zamani. Kaburi lake liko nyuma ya zizi la kale. Nguzo za tembe zilibadilishwa, udongo wa paa uliongezwa kila mwaka, pande zote mbili ziliezekwa upya zaidi ya mara moja, lakini pale katikati Mwanaidi hakuruhusu mtu apaguse. Mwezi ule wa mwisho, nilipokwenda kumwona, alinivuta karibu. Alikuwa amebaki mwepesi kama ganda. "Ukipita kwa mwenzangu," alisema, akimaanisha kaburini, "mwambie nyasi zake ndizo zilizooza kwanza." Kisha akafumba macho, ameridhika sana.

Kwa hiyo siku ya kubomoa, kijana alipokwisha kuniuliza swali lake, niliinuka nikaliendea lile bonge la paa. Niliinama, nikaokota ule ukanda wa kahawia, nikaupekua kwa vidole kama nilivyoupekua ulanga. Nilitaka kuona ni zipi nyasi na ni yapi magome, na ni kipi kilichooza kwanza. Sikuweza. Vilikuwa vimeshakuwa kitu kimoja, laini, chenye harufu ya moshi na ya mvua ya zamani. Nilijaza kiganja, nikaenda nyuma ya zizi, nikamwaga polepole juu ya kaburi la Mama Mkubwa. Hapakuwa na mtu wa kunisikia, na bado niliona haya. Nikamfikishia neno la mwenzake lote kama lilivyo, bila kukwangua kitu. Kisha, kabla sijaondoka, nikamwongezea salamu ambazo sikutumwa.